Tairi la Akiba Limeitwa

Shemeji Pastori,

Shikamoo sikupi. Kutangulia kufa hakukufanyi mkubwa wangu.

Jana nimeendesha gari lako kutoka Murukulazo mpaka hospitali Biharamulo na kurudi, na mvua hizi, bila kukwama popote! Haya, usijigeuze huko chini. Aliendesha binti yako Adela. Mimi nilikaa mbele, nimekatazwa kugusa kitu. Lakini lilifika kwa sababu yangu, na hilo huninyang'anyi.

Binti yako Agnes naye kajifungua! Dume, kwa kupasuliwa, wote wazima. Sasa mtu ana mshono, utampandisha bodaboda kwenye mlima wetu? Juzi Adela akasema, "Mjomba, tunamfuata na gari la baba." Tangu tukuzike limelala bandani, kuku wanataga kwenye siti. Akaliwasha, likakohoa kama wewe, likawaka. Akarudi nyuma kwa mbwembwe, puu! Jiwe la pembeni ya banda likachana ubavu wa tairi la nyuma. Ubavu, shemeji. Hapo kiraka hakishiki.

Wote wakaja barazani kwangu kulia. Nikasema si jambo, leteni moja jipya kutoka Rusumo. Adela akanitupia lile jicho lako. "Mjomba, umesahau mahubiri ya baba?"

Sikusahau. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne. Ukiweka moja jipya kati ya matatu yaliyolika, ni kama kumpa mtu mguu mmoja mrefu. Atatembea, ila kiuno kitakufa. Ndiyo maana ulikuwa ukiyahamisha matairi yote matano, hata la akiba lipate zamu yake barabarani, "yazeeke pamoja." Nilikucheka sana. Nilikuambia hata mwenye wake watatu hagawi zamu kwa haki namna hiyo.

Manne mapya yangetoka wapi, na Agnes anaruhusiwa kesho yake? Dada yangu, mjane wako, akaanza kulia kwamba mjukuu mwenye jina la mumewe ataletwa nyumbani juu ya lori la ndizi. Hapo Adela akaniangalia. Si usoni. Aliangalia nilichokalia.

Siku ya kugawa vitu vyako wewe hukuwepo, ila uchokozi wako ulikuwepo. Huyu koti, yule redio. Ilipofika zamu yangu dada akasema, "Marehemu aliagiza kaka yangu apewe tairi la akiba, maana maisha yake yote anangoja wenzake wachoke ndipo aitwe." Matanga yote yakaangua kicheko! Nikalibeba na rimu yake, nikaliwekea ubao, likawa kiti. Kila jioni nakukalia.

Basi nikasimama. Adela akazungusha kamba kwenye tairi moja zima la garini, akapiga fundo mwisho wa kipimo, akaja kuizungusha kwenye kiti changu. Fundo likakutana na ncha! Sawasawa! Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakaruka ua. Gari limelala, mimi nimekalia, hakuna tairi lililomzidi mwenzake uzee. Tukalifunga garini. Umeona nani kaitwa?

Jana tukarudi na mtoto. Lusahunga wauza nanasi wakatukimbilia, nikawapungia mkono kama diwani. Mlimani kwetu pikipiki zinasukumwa kwenye tope. Letu likavuta kwa miguu yote minne, taratibu, mtoto hata hakuamka. Ana masikio yako, maskini. Tulipofika juu nikageuka nyuma nikwambie, "Pastori, unaona?"

Nyuma kulikuwa na dada, na Agnes, na mtoto.

Nikamwambia mtoto. Si jina ni lilelile?

Nimeishia darasa la nne, mistari inapanda mlima bila gari, kwa hiyo nafunga. Nakuahidi zamu za matairi zitaendelea, na huyu mdogo akijua kutembea nitamfundisha kuzihesabu, pamoja na matusi yako yote. Lala, shemeji. Pumzika, makelele yote tunayamaliza huku.

Ila kiti changu kimeondoka na gari lako, na sasa nakalia dumu la maji, linabonyea. Unadhani unanidai tairi lako? Mimi ndiye ninayekudai kiti. Nishikie kimoja huko, kivulini, mbali kidogo na mama yangu, bado anakumbuka yule mbuzi kilema uliyemtoa kwenye mahari ya dada. Usimwambie mtu ni cha nani. Wala usiharakishe kuniita. Kishikie tu.

Shemeji yako,
wa akiba.