Mausi Mpya na Maoni ya Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Viganja vyangu vinatoka jasho. Si la joto. Hata asubuhi ya mvua, hata nikiwa nimekaa tu. Nikitazamwa ndiyo kabisa — linachuruzika. Kwenye mtihani wa Hisabati mwezi uliopita niliweka leso chini ya mkono na bado kona ya karatasi ililowa.

Mtu akinipa mkono, mimi nampa kifundo cha mkono, kama aliyetoka kuosha vyombo. Hapa Nyakato kila mtu anajua maana yake: mikono yangu michafu, niwie radhi. Anashika kifundo, tunasalimiana, yamekwisha. Mama anawaambia majirani kwamba Odeta wake haachi kazi, kila saa mikono iko kwenye maji. Namwacha ajisifu.

Sasa ya leo. Ni wiki yangu ya pili kwenye steshenari ya Mama Najat, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Leo kafungua boksi dogo lililotoka kwa mfanyabiashara wake wa Kariakoo. Ndani mausi mpya ya kompyuta. Moja tu, ya majaribio. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Nyeusi, haina gurudumu, haina vitufe, haina hata mstari. Kama jiwe la ziwani lililolambwa na maji miaka na miaka. Unapitisha kidole juu yake, bila kubonyeza, na ukurasa unakwenda. Ukipitisha kwa haraka, ukurasa unakimbia wenyewe halafu unapunguza mwendo taratibu. Ukiigusa tena unasimama.

Huyo mfanyabiashara anataka maoni ya wateja kabla hajaleta katoni. Mama Najat kanipa kauntabuku mpya. Kasema, "Wewe una mwandiko. Kila atakayejaribu, andika jina lake na alichosema. Andika kama alivyosema. Nikipeleka sifa tupu watajua nimetunga."

Alipokwenda kuswali adhuhuri nikaijaribu. Kwa dakika moja ilinitii — raha yake siwezi kuieleza. Kisha ukurasa ukaruka juu, ukaruka chini, ukatetemeka. Nikatazama: juu ya mausi kuna alama za vidole vyangu, majimaji. Nikaifuta kwa sketi.

Mama Najat aliporudi akauliza nimeionaje. Nikasema sijaigusa.

Jumanne, 3 Desemba 2024

Maoni sita leo! Nayanakili machache hapa kwa sababu nimeyapenda.

Precious, anayesoma chuo, alikuja kuprinti utafiti wake. Alipitisha kidole mara moja tu, kurasa zikaanza kumiminika. "Nimefika sura ya nne kabla sijapepesa macho," kasema. "Dada, hii nyingine ya gurudumu mkaitupe." Aliprinti na kumaliza, akaendelea kukaa, anapandisha na kushusha ukurasa bila kazi yoyote.

Mzee Abubakary, fundi cherehani wa jirani, aliishika kwanza kama anavyoshika kitambaa, kidole gumba na cha shahada, anasikiliza. "Laini kama satini. Mishono iko wapi?" Nikamwambia haina. Akaigeuza, akatafuta, hakuona. "Basi aliyeitengeneza ni fundi. Andika hivyo, binti. Andika: Abubakary kasema aliyeitengeneza ni fundi."

Chenge, mchomelea mageti, ana vidole vigumu kama soli ya kiatu. Alipitisha kimoja, hakuna. Akapitisha cha pili, hakuna. "Hainitambui," kasema. "Au inataka kitambulisho cha taifa?" Wateja wakacheka. Mwisho akajaribu kidole kidogo, cha mwisho, ambacho anasema hakijawahi kufanya kazi tangu azaliwe. Ukurasa ukateleza. Akashangilia peke yake. Maoni yake: "Nzuri sana, ila inapenda wavivu."

Niliuliza kama niandike hilo nalo. Mama Najat: "Hasa hilo."

Jumatano, 4 Desemba 2024

Umeme ulikatika tangu asubuhi. Mvua. Hakuna maoni.

Saa nane simu ya Mama Najat ikaita. Ni Mwalimu Luhende, mkuu wa shule moja ya sekondari kule Kisesa. Wana chumba cha kompyuta na mausi zao zote zimekufa magurudumu. Amesikia habari ya hii. Atakuja Jumamosi na walimu wawili, aone inavyofanya kazi.

Mama Najat akakata simu, akanitazama. "Utawaonyesha wewe."

Halafu akaniambia jambo la pili. Mwezi wa kwanza anafungua duka Buswelu, na pembeni ataweka meza ya kufundisha watu kompyuta. Anatafuta wa kuisimamia. "Nataka nikuone Jumamosi ukisimama mbele ya watu. Najua una haya. Lakini unapofundisha mtu mmojammoja unafundisha vizuri kuliko mimi."

Nikasema sawa, mama. Mikono nilikuwa nimeificha chini ya kaunta.

Naitaka hiyo meza ya Buswelu. Naitaka kuliko matokeo. Nimeiandika ili niione imeandikwa.

Alhamisi, 5 Desemba 2024

Asubuhi nilijipaka poda ya mtoto viganjani. Nilipoishika mausi ikawa nyeupe, na poda ikaganda kama uji. Mama Najat akauliza nani kala maandazi juu ya kitu cha watu. Nikasema nitafuta.

Lakini mchana!

Alikuja Bibi Dorotea, anayeuza dagaa pale njia panda, kudurufu kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaongeza "mwadila, mjukuu" kwa Kisukuma chake, akanipa kifundo cha mkono kwa sababu ametoka kwenye dagaa. Na mimi tayari nilikuwa nimempa changu. Vifundo viwili vikagongana hewani.

Akanitazama. "Na wewe unauza dagaa?"

Nikacheka. 

Akaiona mausi, akauliza ndiyo ile inayosemwa barabarani? Mama Najat akamwambia ijaribu, Bibi, tuandike jina lako. Bibi akavitazama vidole vyake, magamba yanang'aa kama shanga. Hakuomba maji. Alikikunja kiganja, akainama kidogo, akaipa mausi kifundo cha mkono. Aliisalimia! Kama mtu.

Nilitaka kumwambia sivyo, Bibi. Lakini ukurasa ukateremka. Polepole, bila kuruka. Akarudisha mkono, ukapanda. Akafanya tena.

Precious alikuwepo, alikuja kujalidi ule utafiti wake. Akasema, "Bibi, si hivyo, unatumia kidole." Bibi akamjibu, "Kidole kina samaki. Mbona yenyewe imeitika?"

Maoni yake ni ya kumi na mbili, na kwangu ndiyo ya kwanza: "Ina adabu. Imenipokea bila kuniambia nikanawe kwanza."

Alipoondoka nilisubiri duka likawa tupu. Nikaweka kifundo changu. Ikaitika. Kifundo changu hakitoki jasho — nilijua siku zote, ndiyo maana nakitoa, lakini sikuwahi kufikiria. Kisha nikakunja kidole cha shahada, nikatumia kiungo chake cha mgongoni. Hapo pia ni pakavu. Ukurasa ukateleza kama unavyoteleza kwa Precious. Nikaupeleka hadi chini, nikaurudisha hadi juu. Mara ishirini labda. Hata kubonyeza inawezekana, unakandamiza mbele kwa kiungo hichohicho.

Mausi ya zamani ilitaka nguvu. Hii inataka tu ngozi, haijali ya wapi. Hapo ndipo nilipoipenda kweli.

Ijumaa, 6 Desemba 2024

Nilifanya mazoezi tangu tulipofungua. Kufungua faili, kushuka kurasa, kukuza picha, kurudi. Yote kwa kiungo cha kidole. Nikajisemea maneno ya kesho kimoyomoyo: karibuni walimu, hii mausi haina gurudumu.

Sikujua Mama Najat amesimama nyuma yangu.

"Mbona unaigonga kama mlango wa mtu?"

Nikaondoa mkono.

"Kesho tumia vidole, Odeta. Yule ni mkuu wa shule. Ukimwonyesha hivyo atadhani ina hitilafu, au atadhani hatujui kuitumia. Bibi Dorotea ni mtu mzima, kwake inachekesha. Wewe ni mwalimu."

Hakusema kwa ukali.   Nikasema, "Sawa, mama."

Kisha akafunua kauntabuku, akahesabu. Kumi na tatu. "Wote wametoa maoni isipokuwa wewe uliyekaa nayo wiki nzima. Ya kumi na nne ni yako. Niikute kesho asubuhi."

Nimefika nyumbani nikaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Mama kafurahi.

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Saa mbili asubuhi. Nimeandika ya kumi na nne. Sikuweka jina. Maoni yote yako kwa mwandiko wangu, kwa hiyo mgeni hatajua kuwa haya ni yangu. Niliandika hivi:

"Ni mausi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Ina kasoro moja, haipendi kiganja chenye jasho. Kuna watu ambao viganja vyao hutoka jasho kila siku na si wagonjwa wala si wachafu. Mtu huyo asikate tamaa. Atumie kiungo cha kidole upande wa nje, pale ni pakavu. Itamtii."

Mama Najat hajaisoma bado. Yuko nje anafagia maji ya mvua.

Saa nne na nusu. Niko stoo, nyuma ya pazia, juu ya boksi la karatasi. Walimu wameshafika. Mkuu wao ni mrefu, ana koti la kahawia, anasalimia kila mtu kwa mkono. Alipofika kwangu nikasema shikamoo, nikampa kifundo, nikasema samahani natoka kuosha vikombe. Hakuna vikombe hapa dukani. Mama Najat alinitazama.

Nikasema naleta kauntabuku wasome maoni ya watu kwanza. Nimeiweka mbele yao, nikaja huku kukausha mikono. Nakausha na haikauki, nikikausha mmoja mwingine unaanza.

Mwalimu Luhende anasoma kwa sauti, namsikia. Anasoma ya Chenge. Wanacheka wote, mwalimu wa kike anasema kwamba hata shuleni kwao wavivu hawatakosa kitu cha kusifu. Anasoma ya Mzee Abubakary. Anasoma ya Bibi Dorotea na anairudia mara ya pili, "bila kuniambia nikanawe kwanza." Hakucheka kwenye hiyo.

Nasikia anafunua ukurasa wa mwisho.

 Anasoma ya kumi na nne na haisomi kwa sauti.

Anauliza, "Huyu wa mwisho mbona hana jina?"

Mama Najat anasema labda mteja alisahau.

Anasema yuko kijana wake wa kidato cha pili, madaftari yake yote yana madoa, wino umetambaa. Anasema mwaka mzima amekuwa akimwita mchafu mbele ya wenzake. Kumbe — na hapo ameacha. Kisha anasema, taratibu, kwamba yeye hakuja kusikia sifa za mausi tu, angependa kuzungumza na huyu mtu. Aone kwa macho yake hicho kiungo cha kidole kinavyofanya kazi, ili akamwonyeshe yule mtoto.

 Nasikia Mama Najat anafunua kurasa kurudi nyuma, anahesabu maoni. Sasa anafunua tena mbele. Jana alisema naigonga kama mlango, na kwamba ya kumi na nne ni yangu. Ameelewa. Najua ameelewa, maana sasa sauti yake imebadilika, imekuwa ile anayotumia kwa mwanawe Najat akiwa na homa.

"Odeta," anaita. "Odeta, mama, njoo kidogo."

Leso nimeiacha juu ya boksi. Mikono inachuruzika na sijali sana, sijui kwa nini. Ninakuja, nimeitika, ninakuja.

Wewe daftari, yale niliyoandika Jumatatu, mstari wa kwanza kabisa, usimwambie mtu. Niachie mimi. Kama nitaweza, nitayasema mwenyewe, sasa hivi, nikishafika upande wa pili wa pazia.