Kona ya Nyumba ya Njano

Jumatatu, 6 Mei

Tumefika. Miguu imevimba, yangu na ya Mzee, yote minne. Hoteli ni nyembamba, ghorofa nne, ngazi zimejipinda kama hazitaki wageni. Chumba chetu kiko ghorofa ya pili. Dirishani kuna kipande cha bahari, upana wake kama taulo. Kinatosha.

Mashuka nimeyakagua kabla sijakaa. Nimefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, hanidanganyi mtu. Haya yamefuliwa vizuri ila yamesuuzwa mara moja tu. Sabuni imebaki humo, ukinusa unajua.

Sasa niandike lililonikaa kooni. Binti yetu mkubwa, ambaye namwita Bosi tangu alipoanza kunipangia saa ya kulala, alitusindikiza hadi uwanja wa ndege. Pale pale kwenye foleni akamvika baba yake kadi shingoni. Jina la hoteli, namba ya simu ya Bosi, na chini maneno ya kigeni. Nikauliza yanasemaje. Yanasema mtu huyu anasahau, ukimkuta peke yake piga simu.

Kisha akanivuta pembeni. Akasema safari ni zawadi yetu, tule raha, tutembee taratibu. Lakini pia wanataka kumtazama Baba. Akimudu wiki moja ugenini, mtabaki nyumbani kwenu. Akipotea hata mara moja, Mama, mkirudi tunakaa kikao. Baba atahamia kwa kaka, wewe utakuja kwangu. Hakuna mwenye nafasi ya kuwaweka wote wawili.

Miaka arobaini na saba ya ndoa. Tugawanywe kama vyombo vya marehemu, sufuria huku, sinia kule.

Tulipoingia chumbani nilimvua Mzee ile kadi nikaifunga kwenye mpini wa begi. Mzigo ndio unaovaa kadi.

Jumanne, 7 Mei

Leo tumetembea wenyewe. Bosi alishauri tufuatane na kundi la wageni na kiongozi mwenye bendera. Sifuati bendera mimi. Nimefuata mume wangu.

Maandishi ya hapa sijui hata yanaanzia upande gani. Darasa la nne nilimaliza, kwetu nasoma, lakini haya yamejikunja kama nyuzi za kitani. Mzee hana shida hiyo. Huyu amepaka nyumba za watu rangi tangu kijana mpaka mgongo ulipogoma, na njia anaishika kwa rangi. Majina ya mitaa hayajawahi kumkaa kichwani hata alipokuwa na akili zake zote. Kwetu pia ndivyo anavyoelekeza wageni: pita ukuta wa bluu uliopakwa bila kukwanguliwa, ukiona geti la fedha umezidi.

Kwa hiyo tulipotoka alikuwa anasoma kwa sauti. "Mlango mwekundu, hotelini. Mkono mmoja tu wa rangi, wavivu hawa. Shuka mpaka ukuta wa kijani cha mafuta. Kona, nyumba ya njano iliyobambuka. Hapo kata kushoto, bahari."

Tulikwenda na kurudi bila kukosea hata hatua moja. Njano iliyobambuka, kijani cha mafuta, panda, mlango mwekundu. Nilimwonea fahari nikamwambia afunge kifungo cha shati.

Kati ya kwenda na kurudi tuliingia makumbusho. Picha kubwa za wafalme wamepanda farasi. Mzee hakuzitazama. Alipapasa ukuta, akasema hapa hawakupiga msasa. Mlinzi akaja, akatikisa kidole. Nami nikamtikisia changu.

Picha ya jioni nimemtumia Bosi. Kajibu: Baba anaonekana vizuri. Kana kwamba ni nyanya anazichagua sokoni.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Hatukutoka.

Mzee kakaa dirishani, kaniuliza dada yake atafika lini. Dada yake tulimzika, mwaka wa saba huu. Nikamwambia kesho. Akaridhika. Mungu anisamehe, sitaki aomboleze upya kila mvua ikinyesha.

Bosi alipiga simu ya video. Mbona Baba anaangalia pembeni? Nikamwambia bahari iko pembeni, ulitaka aangalie wapi.

Alhamisi, 9 Mei

Jua limerudi. Tumekwenda kwenye mnara wa taa ulioko mwisho wa gati. Ngazi mia mbili na kitu. Tulipanda themanini, tukaketi kwenye dirisha la katikati tukala mikate yetu na mayai. Wageni wanatupita wakihema, wakirudi wanatukuta pale pale. Mmoja akatuonyesha juu kwa kidole, kwamba bado. Najua bado. Bahari inaonekana hapa hapa, ile ile.

Mzee akanishika mkono muda mrefu. Akasema rangi ya huu mnara inapigwa na chumvi, kila miaka miwili lazima warudie, fundi wake hakosi kazi. Nikasema unaitaka? Akasema naitaka, ila wewe utashika ngazi.

Tuliporudi tulikuta wamejenga majukwaa ya miti mbele ya nyumba ya njano, mafundi watatu, makopo yamepangwa. Mzee alisimama kama mtu aliyekutana na ndugu. Watu wakawa wanatupita. "Hawajakwangua," alisema. "Bibiye, wanapaka juu ya maganda." Akamwonyesha mkuu wao, mwanamume mwenye kipara, jinsi rangi inavyobambuka kwa ukucha. Kipara hakuelewa neno. Lakini alielewa ukucha. Akacheka, akachukua kikwanguzi.

Hotelini mwanamke wa usafi ni mtu wa kwetu, aliolewa huku. Kapita asubuhi kwa jirani, alasiri kwetu.

"Shikamoo mama. Leo mumeo kanitoa kazini, kitanda kimetandikwa."

"Katandika mimi nikimwangalia."

"Wangu nikimwangalia anatoka nje."

Tumecheka. Akaniuliza mzee ni mgonjwa? Kaona kadi kwenye begi. Nikasema begi ndilo gonjwa, gurudumu limelegea. Akanitazama vile wanavyotazama watu wa usafi, wanaojua kila kitu cha chumba. Kisha akasema, mama, mimi baba yangu kule nyumbani naye alikuwa anasahau, nilikuwa namwandikia namba ya simu kwa kalamu ndani ya mkono, chini ya saa. Hakuna aliyeona. Nikamshukuru. Sikuandika. Labda hapo nakosea.

Ijumaa, 10 Mei

Bosi: mbona kadi siioni kwenye picha? Nikasema iko ndani ya shati. Uongo wa pili wiki hii.

Nilidhani Mzee hasikii, alikuwa anavaa soksi. Nilipokata simu akasema, bila kuinua kichwa: "Wakinipeleka kwa kijana wetu, nani atakusugua goti?"

Anajua. Muda wote anajua! Nikamwambia hakuna anayekupeleka popote. Akasema sawa. Soksi moja ilikuwa nyeusi, nyingine ya kahawia. Nikamwacha avae.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nje, mtaani, nimekalia ndoo. Goti ndilo meza, ndiyo maana herufi ziko hivi. Daftari linakaa kwenye mkoba, mkoba haukai mbali nami.

Baada ya chakula cha mchana nilijilaza kidogo. Nilipoamka kitanda cha upande wake kimetandikwa, ncha zimekunjwa kama nilivyomfundisha. Mzee hayupo. Bafuni hayupo. Viatu havipo. Kadi ipo kwenye begi, inaning'inia, inanitazama.

Nilishuka zile ngazi kwa ndara za bafuni. Msichana wa mapokezi alisema maneno mengi, nami mengi, hakuna lililopita katikati. Mwanamke wa usafi Jumamosi hafanyi kazi. Nikatoka.

Mlango mwekundu. Nikashuka. Kijani cha mafuta, ndiyo. Kona, nyumba ya njano.

Hakuna nyumba ya njano.

Pale kwenye kona palikuwa na nyumba nyeupe, imefunikwa nyavu, sijawahi kuiona. Nikajiambia umeshuka sana. Nikarudi, nikajaribu mtaa wa pili. Kisha wa tatu. Nyumba ya njano imekwenda wapi, nyumba haihami. Nikawa nazunguka, ndara zinapiga visigino, nimefunga kanga shingoni, namwita mume wangu mbele ya watu wanaokula barafu tamu. Nilifika gati. Nikayatazama maji. Sitaandika nilichokifikiria.

Kwa kweli wiki nzima njia ilikuwa yake. Mimi nilikuwa natembea nimeshika mkono wake, sikushika njia. Mtu asiyesahau chochote alikuwa amepotea, na hata kijani cha mafuta sikukiona tena.

Simu ikaanza. Bosi. Saa ya picha. Sikupokea.

Kilichoniokoa ni kelele ya kikwanguzi. Nilifua miaka yote ile, lakini usiku na mchana niliolewa na ile kelele, naijua kuliko adhana. Nikaifuata. Ikanirudisha kwenye ile nyumba nyeupe ya kona, upande wa pili wake. Nyavu zimefungwa pembeni. Chini, Kipara anakunywa chai, mwenzake anakwangua mlango. Juu, jukwaa la kwanza, urefu wa meza mbili, kuna mzee mwenye kofia ya gazeti, soksi nyeusi na soksi ya kahawia, anapaka fremu ya dirisha.

Hakubandika tepu ya kukinga rangi kwenye kioo. Hajawahi. Brashi inapita ukingoni mwa kioo bila tone, mkono umetulia kama umewekwa pale na mtu. Kipara aliniona, akaweka kidole mdomoni nisipige kelele, akaninyooshea ule mkono nitazame. Mimi ndiye wa kuonyeshwa mkono ule!

Nilikuwa nimejaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, kuanzia kuondoka bila kuaga mpaka siku atakayoniua kwa presha.

Akageuka. "Umechelewa, Bibiye. Nimekuwekea ndoo."

Nikakaa kwenye ndoo.

Nikamuuliza, kwa upole, sijui nimeutoa wapi, hoteli iko wapi kutoka hapa. "Rahisi. Ukitoka kwenye njano, kijani cha mafuta, panda." Nikamtazama. Njano yenyewe wameifunika, naye yumo, rangi mpya ipo kwenye brashi na kwenye masikio yake. Nyeupe tupu sasa, mikono miwili, na chini kumekwanguliwa vizuri.

Kisha akauliza, akichovya: "Watoto wametoka shule?"

Bosi ana miaka arobaini na nne. Kaka yake ana mvi.

"Bado," nimemwambia. "Saa kumi."

Akaendelea na fremu.

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Kipara kaniletea chai. Njia ya hotelini kuanzia upande huu hatuijui, si mimi si yeye. Simu imelia mara nne, na ya tano hii. Nikipokea, atataka kumwona baba yake, na akimwona jukwaani na kofia ya gazeti hatahitaji kikao. Nisipopokea, atapiga hotelini, na hotelini watasema bibi katoka mbio na ndara.

Na aseme. Mwaka mzima wanasema mtu huyu hawezi kitu. Nitapokea. Nitaielekeza simu kwenye mkono wake na ule mstari wa rangi kwenye kioo, autazame mpaka ashibe. Usoni sitafika. Akiuliza nani kapotea, kapotea mama yake, na aliyempata yuko kazini, asimsumbue.

Mzee anauliza kutoka juu ni nani anayepiga namna hiyo.

Nimemwambia mtoto.

"Mwambie amalize kazi ya shule kwanza," kasema. "Tunakuja. Bado fremu moja."