Mkwe Ameshinda Zabuni, na Mimi Nimeshafukuza Wacheza Polka

Dada Verna mpendwa,

Naomba unisaidie katika safu yako hii ya ushauri kabla ya Jumatatu, maana mke wangu amechoka kunisikiliza, na mbwa wangu, ambaye kwa kawaida husikiliza kila kitu, siku hizi akiniona nafungua mdomo anatoka nje.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, tumbo limetangulia na akili inafuata polepole, na nina jengo la matofali lenye sakafu mbili hapa Stevens Point, chini lilikuwa duka la viatu la marehemu baba, juu ni ukumbi ambapo wazee wa mji huu walicheza polka, dansi ya wawili wawili kwa kinanda cha kodiani, kila Jumamosi tangu mimi nikiwa kwenye nepi. Sasa mwaka jana ofisi moja ya serikali ikatangaza kwamba inatafuta jengo la kukodi kwa miaka mingi, na masharti ya zabuni yalikuwa wazi, sakafu mbili, jengo zima, basi mimi kwa ujanja wangu, hata kabla ya kujibiwa, nikawaomba wachezaji wahame ili wakaguzi wakija wakute jengo tupu linalonukia rangi mpya, na wazee wale wakabeba kodiani zao bila hata kunitukana, wakahamia chumba cha chini ya ardhi katika kituo cha zimamoto, ambako dari iko chini kiasi kwamba Bwana Clarence, mrefu kama nguzo ya simu, hucheza ameinama kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka.

Norbert naye aliomba (jina nimelibadilisha, ingawa mji mzima utamjua), kwa lile duka lake la zamani la fanicha ambalo ni sakafu moja tu, akaahidi kwamba akipata zabuni atajenga sakafu ya pili juu yake. Norbert ndiye baba wa kijana anayemwoa binti yangu, na ndiye mwenzangu wa karata na wa samaki wa kukaanga kila Ijumaa. Akashinda. Nikampa mkono, nikamnunulia brandi, kisha nikaenda kununa nyumbani kama mtu mzima.

Yangeishia hapo. Lakini Ijumaa iliyopita, tukiwa mezani mgahawani na watu wetu wale wale, Norbert akanipiga begani akisema, "Mkwe, mwenzako nimepona! Ile sakafu ya pili siijengi tena."

"Kwa nini, umegundua unaogopa ngazi?"

"Hawaitaki! Nusu ya wafanyakazi wao sasa wanafanyia kazi nyumbani. Walinipigia kabla hawajachagua mshindi, wakasema sakafu moja inatosha, niwape bei mpya."

"Wakakupigia wewe."

"Eeh. Kwani wewe hawakukupigia?"

"Mimi walinipigia kuuliza kama mlango wa choo unafungwa."

Dada, meza nzima ilicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna mtu amepaliwa, na hata mimi nilicheka, kwa sababu ni kweli, waliuliza, na ulikuwa haufungi. Ila samaki nilimrudisha sahanini. Kama wangeniambia na mimi, ningewapa duka la chini kwa bei ya chini kuliko ya Norbert, wakae na makaratasi yao Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi juu kodiani ziendelee kulia, kila mtu na furaha yake.

Binamu yangu ambaye ni wakili (wa talaka, lakini anasoma sana) anasema masharti yakibadilika hivyo wazabuni wote wanapaswa kuambiwa, na kwamba nina haki ya kupeleka malalamiko Washington, ila ndani ya siku kumi tangu nijue, kwa hiyo muda unakwisha Jumatatu. Tatizo ni kwamba nikilalamika, kazi ya Norbert itasimama kwa miezi mpaka waamue, naye ameshaagiza zulia, na harusi ya watoto ni Jumamosi inayofuata. Mke wangu Darlene ameniambia, "Peleka malalamiko yako uone. Harusini utacheza na kiti." Nisipopeleka, nabaki na jengo tupu kwa miaka, na kila nikipita zimamoto nasikia polka inatoka chini ya ardhi. Nifanye nini?

Mwenye Jengo Kimya


Bwana Jengo Kimya,

Nimemwomba mhariri akupitishe mbele ya mama mwenye sungura wanaopigana, kwa hiyo nisikilize vizuri, sungura wanasubiri.

Kwanza nikugombeze. Nani huwatoa watu wanaompenda ili kumpisha mpangaji ambaye hata barua hajaandika? Umetupa sofa barabarani kwa sababu umeona picha ya sofa nyingine gazetini. Mume wangu nilimpata kwenye sakafu yako ile ya juu, kwa hiyo hasira hizi si za kazi tu, ni zangu binafsi.

Haya, sasa pole. Pole ya kweli, maana umeonewa. Lakini hukuonewa na Norbert. Mtu aliyekuzunguka asingekusimulia mwenyewe huku amejaza mdomo samaki wa kukaanga. Yeye alipigiwa simu akajibu, kama ambavyo wewe ungejibu. Kosa ni la ofisi. Serikali inaruhusiwa kubadili mawazo kuhusu inachotaka, hata mimi hubadili nikiwa tayari nimefika dukani. Isichoruhusiwa ni kumnong'oneza mzabuni mmoja na kumuuliza mwingine habari za choo.

Kwa hiyo lalamika. Na usingoje Jumatatu, kwani ukichelewa, hata uwe na ukweli uliojaa gari, hakuna atakayeusoma. Mtafute wakili anayeshughulika na zabuni za serikali. Huyo binamu wa talaka mshukuru, kisha umweke mbali kabisa na harusi. Kwenye malalamiko usimtaje Clarence na shingo yake, Washington hawamjui. Sema tu kwamba walitaka sakafu mbili, sasa wanataka moja, hukuambiwa, na ungeambiwa ungetoa hiki kwa bei hii. Usiombe upewe ushindi. Omba masharti mapya yatangazwe kwa wote na kila mtu alete bei upya.

Ila kabla karatasi haijaondoka, nenda kwa Norbert. Nenda leo, usingoje Ijumaa mbele ya meza nzima, na usimtume Darlene. Mwambie, "Mkwe, nalalamikia ofisi, sikulalamikii wewe. Usikate zulia kwanza. Tukiomba upya ukanishinda, nitapiga magoti nikusaidie kulitandika." Atanuna. Mwache anune, na wewe ulinuna. Nyinyi wawili kila Ijumaa mnanyang'anyana karata na kuitana wezi, kisha mnagawana mkate. Safari hii meza ni kubwa kidogo tu.

Darlene naye mwambie wewe mwenyewe jioni hiyo hiyo, kabla hajasikia saluni.

Na wachezaji warudishe kesho. Hukuliona hili kwa sababu ulikuwa umeshughulika kujihurumia, lakini sakafu ya juu sasa haitakiwi na mtu yeyote. Ukishinda, iko wazi. Ukishindwa, iko wazi. Nenda zimamoto mwenyewe, waombe radhi, ubebe ile kodiani kubwa kuliko zote mpaka juu bila kupumzika kwenye ngazi, na sherehe ya watoto ifanyike hapo hapo.

Uamuzi utachukua miezi. Maana yake ni kwamba siku ya harusi hakutakuwa na mshindi wala mshindwa kati yenu, ni wakwe wawili tu wenye suti zinazobana. Wimbo wa kwanza wa wazazi ukipigwa, mshike Norbert mkono mcheze nyinyi wawili mbele ya watu wote. Akikukanyaga, hilo usilipeleke Washington.

Verna