Mtandao Hauna Kosa, Mama

Kihesa, Iringa

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, mama. Najua ungekuwa hapa ungenijibu, halafu ungeniuliza nimekula nini. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Mjukuu wako Tumaini ameanza kuota meno na anang'ata kila kitu, mpaka kamba za viatu vyangu. Sijui ninyi. Safari hii sikuulizi hali kwa desturi tu. Nauliza kweli, na nataka jibu la kweli.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu baba ameizima. Na hata angeiwasha, ile spika ya sikioni haisikiki mpaka mfungulie sauti ya nje, nikisema neno nyumba nzima inasikia. Ndiyo maana nimempa barua hii dada mmoja wa kwaya yetu anayekuja Mbeya msibani, akukabidhi mkononi. Isome ukiwa jikoni peke yako.

Unakumbuka nilivyohangaika kuwatafutia simu hiyo. Nilizunguka maduka ya mjini hapa mpaka wauzaji wakanizoea. Nikiuliza nzuri, naambiwa bei ya ng'ombe. Mwisho nikachukua hiyo ya bei ya chini, na binti wa dukani akaniapia, "Kaka, hii ndogo lakini kamera yake balaa. Wazee utawaona mpaka mikunjo." Hicho ndicho nilichotaka. Tangu Tumaini azaliwe nimeshindwa kuja nyumbani, nikasema angalau tuonane kwenye kioo.

Basi nikawa napiga. Baba anapokea kwa sauti tu. Nikimwambia, "Baba, bonyeza hapo pa kamera," ananijibu, "Picha haiji, mwanangu, mtandao wa huku mbovu." Nikikupata wewe, unaniambia bando limeisha. Nami nikaamini! Iyunga kwenu ipo barabara kuu kabisa, mitandao yote inashika, lakini nikaamini, nikakasirika. Nikamrudia yule binti nikamgombeza kwamba ameniuzia kimeo. Nikakusumbua mama wa watu uende kwa wakala kuweka dole gumba, usajili laini ya mtandao mwingine. Picha haiji. Nikaanza kulinganisha vifurushi kama mwanafunzi wa hesabu: huyu anatoa dakika nyingi na intaneti kiduchu, huyu intaneti ya usiku wakati wazee wamelala, huyu kila wiki anabadilisha. Mwisho nikawaungia kile cha intaneti tupu, kisicho na dakika hata moja ya kupiga. Kwanza kilikuwa rahisi, na unanijua mwanao kwa ubahili. Pili nikasema, sasa hawana ujanja, watapigia kule kwenye programu ya ujumbe, na picha itakuja wapende wasipende.

Ikaja, mama. Ila haikunijia mimi.

Siku hiyo nilikuwa karakana, napiga randa milango ya mteja, simu nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Ikaita. Mke wangu akaona jina lako. Akajua ni wewe, maana ninyi wawili mnaongea kila siku, akapokea hivyo hivyo, kichwa wazi, mtoto yuko kwenye ziwa. Kwenye kioo akatokea baba.

Unajua mwenyewe huyu binti wa Kihehe alivyoushika mwiko wetu wa mkwe kuliko hata mabinti wa kwetu Rungwe. Tangu nimemuoa hajaonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Tukija nyumbani, baba akikohoa uani kumpa taarifa kwamba anapita, yeye anajitanda khanga haraka na kugeukia ukuta. Nikimtania, "Wewe Mhehe, mkwe anayefichwa huko kwenu si mama mkwe?" ananijibu, "Nimeolewa na nyumba nzima, si na wewe tu."

Niliporudi jioni nikamkuta amejiinamia, analia. Nikadhani ni aibu. Nikamtuliza, nikamwambia ni ajali, mzee kabonyeza vibaya, tutapeleka kuku tuombe radhi yaishe. Siku zikapita, hali chakula vizuri, hacheki. Nikipiga kwenu, simu imezimwa. Nikasema basi, mzee kachukia.

Juzi tulikuwa tunamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Baba Tumaini," akasema, "mimi sikutakiwa kumwona, na niliyoyaona sitakiwi kuyasema. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimemuua."

"Umemuua nani?"

"Baba yako amekwisha. Mashavu hana. Shati limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Alikuwa amelala kitandani, mchana wa jua kali. Aliponiona akajifunika uso kwa kiganja, akaniambia, 'Usimwambie, mwanangu.'"

Mama! Neno la kwanza la baba kwa mkwewe maishani mwake, na likawa hilo.

Kwa hiyo mtandao ulikuwa mzima. Kamera ilikuwa nzima. Bando lilikuwepo. Nakupenda sana mama, lakini nimekukasirikia, na ninaandika huku machozi yananitoka bila aibu. Najua utasema hamkutaka nihangaike na nauli wakati nina mtoto mchanga. Sasa mlitaka nihangaike lini? Wewe ndiye uliyenifundisha, nilipoficha lile jipu la mguuni, kwamba mficha maradhi... Mkono unakataa kuimalizia methali hiyo.

Jumamosi tunakuja, wote watatu. Mteja wa milango amekubali kunilipa kabla sijamaliza, Mungu ambariki. Jumatatu asubuhi baba anakwenda hospitali, atake asitake. Usimwambie mapema, ninamjua, atatorokea Tukuyu kwa shangazi na kusema amekwenda kuangalia migomba.

Nilimuuliza mke wangu, "Na wewe utakaaje pale nyumbani, baada ya haya?" Akasema atakaa jikoni kwako, amejitanda kama siku zote. Uji ataupika yeye, wewe utaupeleka ndani. "Lakini wakati wa kumbeba kumpeleka kwenye gari," akasema, "watu wakipungua, mimi nitashika miguu. Radhi nitaiomba baadaye."

Nisalimie shangazi wa Tukuyu akipita sokoni kwenu, na mjomba fundi mwashi, na jirani yetu yule anayekukopesha chumvi. Binti wa dukani nimeshamwomba msamaha. Alinicheka, akanipa na kava la bure la simu ya baba.

Mama, nina ombi moja. Tukishaingia uani Jumamosi, nenda chumbani ukamwambie baba kwamba mkwewe yupo nje na anasubiri. Mwambie akohoe kama zamani, ili binti ajue ageukie ukuta. Hata kama sauti ni ndogo, akohoe tu.

Ni mimi mwanao anayekuja,
Gwakisa