Masizi ya Stesheni Ndogo

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipashe. Mdogo anywe dawa ya kikohozi saa nane, na asikudanganye kwamba ameshakunywa. Naenda kumwambia bosi stesheni itafika kesho.

Ndiyo, hiyo hiyo uliyoisafisha alfajiri. Najua ulitaka kunisaidia. Lakini ule haukuwa uchafu, mume wangu. Ni masizi niliyoyapaka mwenyewe siku tatu, kwa brashi nyembamba kama kope, ili kijengo cha kadibodi cha kukaa kiganjani kionekane kimepitiwa na treni miaka arobaini. Wateja wa bosi, wanaopanga reli za vitreni vya kuchezea mezani, hawataki stesheni mpya. Wanataka iliyochoka, kama mimi.

~~Kwa hiyo meza yangu usiiguse tena maishani.~~

Usinune. Nilikubwatukia mbele ya watoto, haikuwa sawa. Nimechoka tu, sijakuchoka wewe.

Ulipotoka kuwapeleka shule, niliishika niitupe, nikaiona kwenye mwanga wa dirisha. Pale kitambaa chako kilipopita, masizi yameshuka ukutani kwa michirizi, utadhani paa limevuja mvua nyingi. Michirizi kama hiyo nahangaika kuichora tangu mwezi uliopita, imenishinda.

Ukuta wa nyuma bado una masizi. Kitambaa kiko pale pale ulipokiacha. Upanguse na huo, vile vile kama alfajiri, ukidhani unanisaidia.

Mama watoto