Namba Niliyokataa Kuificha

Dada yangu,

Huku tu wazima, wanangu wamenizidi kimo. Ile programu ya bure ya kupimia dawa za watoto, tunayoiandika kwa kujitolea, toleo la 2.4 lilikosea vipimo. Tukalirekebisha. Kiongozi wetu akasema, "Acha namba ileile, tusiaibike."

Nikamuuliza, "Muuguzi atajuaje kama analo bovu au zima?"

Nikalitoa kama 2.4.1, kosa nikalieleza waziwazi. Jioni hiyohiyo wakaniondoa kwenye mradi, baada ya miaka tisa. Nililia kidogo, sikufichi, ila sijuti na radhi siombi.

Kesho ukiingia wodini, tazama kompyuta yenu. Ikiandika 2.4 tu, msiitumie, hata daktari mkuu akiwahimiza.

Mdogo wako, mbishi yuleyule