Unywele Namba Mbili

Mzee wangu Nalinga,

Nimeisogeza karatasi hii siku tatu bila kuandika. Naogopa. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi ya panya, na wewe ndiye niliyekukosea.

Meza yetu hapa hospitali ya Nachingwea ipo vilevile. Panya weupe wako kwenye vizimba vya sakafu ya wavu, na chini yake vile vijiti vyenye nywele za mkia wa farasi: namba moja laini kama pumzi, namba nane ngumu kama mwiba. Ulikuwa unagusa unyayo wenye jeraha kutoka chini, ukianza na laini na kupanda namba baada ya namba. Panya akivuta mguu, mimi naandika namba. Daktari alitaka kujua kama dawa yake ya kupaka inatuliza maumivu, awapake wagonjwa wa vidonda wodini.

"Ngoja atulie, karani," ulikuwa ukiniambia. "Panya mwenye hofu hasemi kweli." Halafu unampulizia polepole, kama mtu anayepoza uji, na kunicheka: "Kwetu Chinongwe huyu ni mboga. Ninyi wasomi mnamuuliza kama anaumwa!"

Mzee, niliandika uongo. Macho yako yalikuwa yamefifia, ukaniachia mimi kutazama mguu. Kila ulipofika namba mbili nilisema, "Amevuta," naye hajavuta. Sikuweza kusubiri umguse kidonda kwa namba sita. Nilidhani hiyo ni huruma.

Daktari alipofungua daftari akakuta waliopakwa dawa na wasiopakwa wote ni namba mbili. Akasema mikono yako ni mizito, unawatia panya hofu. Akakupeleka kufyeka majani. Nilikuwa nimesimama palepale, kalamu mfukoni. Nawe ukasema tu, "Labda mikono imezeeka."

Ulikuwa bado unafyeka homa ilipokuchukua.

Kaburini, shehe aliuliza kama yupo mwenye neno na wewe, akusamehe. Watu wakaitikia, tumemsamehe. Na mimi niliitikia, Mzee. Mimi! Hakuna aliyeuliza nani kati yetu alipaswa kukuomba wewe radhi.

Jumatatu nilimweleza Daktari. Akaniuliza kwa nini. Nikasema niliwahurumia panya.

"Na Nalinga hukumhurumia?"

Nikamsogezea daftari.

Hakunifukuza. Alichukua daftari akaniwekea mkononi vijiti vyako, tukaanza upya. Napuliza kama ulivyopuliza. Nangoja. Jana panya asiyepakwa alivuta kwenye namba tatu. Aliyepakwa alikaa kimya tatu, nne, tano. Alivuta kwenye sita, kama wenzake waliotangulia. Daktari aliandika, kisha akasema kwamba alikosea kusema mikono yako ni mizito. Dawa inafaa, Mzee. Wagonjwa wamengoja bure miezi yote hii kwa sababu yangu.

Ijumaa nitakuja Chinongwe kwenye arobaini yako. Nitasimama mbele ya mjane wako na ndugu zako niseme kwamba mikono yako haikuwa mizito, ni mimi niliyesema uongo. Naogopa watakavyonitazama. Hata hivyo nitakuja.

Pumzika, Mzee wangu. Kila nitakapoinama chini ya wavu ule, nitangoja mguu uvute wenyewe. Na usipovuta, nitasema kwamba haukuvuta.

Mwanao wa kazi,
Benedikto